Makinikia ya Ngualla na Lugha ya Kemia: Muundo, Utengenezaji na Matumizi ya Floridi za Metali Adimu katika Nuru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kundi moja la kampaundi za kemia, yaani floridi za metali ambazo kwa mazoea huitwa madini adimu: muundo wa fuwele zake, jinsi zinavyotengenezwa, na sababu ya kuhitajika kwake katika vyombo vya nuru. Mfano mkuu umetolewa Nyanda za Juu Kusini, hususan mlima wa Ngualla, ambao hadi mwaka 2016 ulikuwa katika Mkoa wa Mbeya. Hoja inayotetewa ni kwamba maarifa haya yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupungukiwa, ila istilahi zinazotumika sasa zinachanganya vitu vitatu tofauti: elementi, madini na kampaundi. Mchanganyo huo unagusa haki ya mwananchi kujua ni kitu gani hasa kinachochimbwa na kuuzwa. Mwishoni yametolewa mapendekezo manne kuhusu uundaji wa istilahi za kampaundi hizi.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2017 neno moja lilitoka katika pembe ya wataalamu wa madini likaingia sokoni, kwenye mabasi na katika vibaraza vya kahawa. Neno hilo ni makinikia. Serikali ya Tanzania ilipozuia usafirishaji wa mchanga wa madini mwezi Machi mwaka huo, na kamati ya wataalamu ilipochunguza makontena 277 yaliyokuwa bandarini Dar es Salaam, wananchi walihitaji jina la kitu kilichokuwa kikibishaniwa. Lilipopatikana, mjadala ulihama kutoka kwa wanasheria na wanajiolojia ukawa wa watu wote. Kwa mtaalamu wa lugha, tukio hilo ni ushahidi kwamba istilahi ina kazi kubwa kuliko kupamba kamusi, kwani hufungua au hufunga mlango wa kushiriki.

Makinikia yaliyojadiliwa mwaka 2017 yalihusu dhahabu, shaba na fedha, metali ambazo Mswahili amezijua kwa karne nyingi. Makinikia ya aina nyingine yanatarajiwa kutoka Ngualla. Ndani yake mna seriamu, lanthanamu, neodimiamu na praseodimiamu, zikiwa zimefungamana na kaboni, oksijeni na florini. Hakuna methali ya Kiswahili inayozitaja elementi hizi, wala sonara anayezipima. Swali linalojitokeza ni hili: je, lugha ambayo tangu mwaka 2021, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, imetangazwa kuwa lugha ya sheria za nchi, ina maneno ya kutosha kueleza kitu hiki kwa usahihi?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kulieleza jambo lenyewe kwanza. Sehemu ya 2.0 inajadili jina la kundi hili la elementi. Sehemu ya 3.0 inaeleza madini ya Nyanda za Juu Kusini. Sehemu ya 4.0 hadi ya 6.0 zinahusu muundo, utengenezaji na matumizi ya floridi. Sehemu ya 7.0 inayarudia matatizo ya istilahi yaliyojitokeza na kupendekeza utatuzi wake.

2.0 Udongo, Madini au Metali?

Kundi linalozungumziwa lina elementi 17: lanthanoidi 15, kuanzia lanthanamu hadi lutetiamu, pamoja na skandiamu na itriamu ambazo tabia zake za kikemia zinafanana na za hizo. Katika lugha za Ulaya kundi hili lina jina ambalo tafsiri yake ya neno kwa neno ni "udongo adimu". Jina hilo ni masalio ya kemia ya karne ya 18. Wakati huo wanakemia waliita "udongo" kila oksidi isiyoyeyuka kwa urahisi katika moto. Mwaka 1787 jiwe jeusi lisilojulikana liliokotwa katika machimbo ya kijiji cha Ytterby, Sweden, na mwaka 1794 Johan Gadolin akatenga ndani yake oksidi mpya. Oksidi hiyo iliitwa udongo kwa desturi ya wakati ule, na ikaitwa adimu kwa kuwa haikuwa imeonekana kwingine.

Maneno yote mawili yamepitwa na wakati. Kwanza, elementi hizi ni metali, wala si udongo. Pili, nyingi kati yake si adimu. Seriamu, kwa mfano, imo katika gamba la dunia kwa kiasi kinachokaribiana na kile cha shaba. Kilicho adimu ni mahali ambapo elementi hizi zimekusanyika kwa wingi wa kutosha kuchimbwa kwa faida, na njia rahisi ya kuzitenganisha.

Katika Kiswahili cha magazeti na cha ofisi za serikali, jina lililozoeleka ni madini adimu. Jina hili limeepuka kosa la "udongo" lakini limezaa makosa mawili mengine. Kwanza, tanzanaiti nayo huitwa madini adimu, na kwa haki kabisa, maana haijapatikana kwingine ila Mererani. Hivyo msomaji hawezi kujua kama anaambiwa habari za kito au za metali ya sumaku. Pili, madini ni kitu kinachopatikana ardhini kikiwa na muundo wake wa asili, ilhali neodimiamu ni elementi ambayo haipatikani peke yake katika jiwe lolote. Kuiita neodimiamu "madini" ni sawa na kuuita wanga "muhogo". Katika makala haya neno metali adimu limetumika kwa elementi zenyewe, na neno madini limeachiwa mawe yanayozibeba.

3.0 Madini ya Nyanda za Juu Kusini

Bonde la Ufa, linapopita magharibi mwa Nyanda za Juu Kusini, limeacha miamba ya volkano isiyo ya kawaida iitwayo kabonatiti. Volkano nyingi hutoa lava yenye silika, lakini kabonatiti hutokana na lava yenye kaboneti. Volkano pekee duniani ambayo bado inatoa lava ya namna hiyo ni Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Kusini volkano za aina hiyo zilikwisha zimika zamani sana, na zilizobaki ni vilima. Kilima cha Panda, karibu na gereza la Songwe nje ya jiji la Mbeya, kinajulikana kwa niobiamu iliyomo katika madini ya pairokloa. Mlima wa Ngualla, yapata kilomita 150 kaskazini mwa jiji hilo, unajulikana kwa metali adimu.

Jina la mlima huu lenyewe ni somo. Kata iliyopo huko huandikwa Ngwala, kwa kufuata tahajia ya Kiswahili. Nyaraka za kijiolojia na za leseni huandika Ngualla, kwa irabu u mahali pa kiyeyusho w na kwa konsonanti l maradufu ambayo Kiswahili hakiitambui. Mahali pamoja pana majina mawili katika maandishi, na anayetafuta habari kwa tahajia moja hatapata zilizoandikwa kwa tahajia ya pili. Katika makala haya Ngualla ni mradi na mlima kama ulivyosajiliwa, na Ngwala ni kata wanamoishi watu.

Akiba iliyotangazwa ya Ngualla ni tani milioni 18.5 za mbale zenye asilimia 4.80 ya oksidi za metali adimu. Aprili 2023 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Kiaustralia ya Peak Rare Earths, na leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa kwa kampuni ya pamoja iitwayo Mamba Minerals, ambamo serikali ilipata hisa asilimia 16. Neodimiamu na praseodimiamu, ambazo ndizo zenye thamani kubwa kwa ajili ya sumaku za kudumu, ni yapata moja ya tano ya metali adimu zilizomo. Sehemu kubwa zaidi ni seriamu na lanthanamu.

Madini makuu yanayobeba metali hizo huko ni bastinesaiti, yaliyopewa jina la machimbo ya Bastnäs, Sweden. Hapa ndipo floridi inapoingia. Bastinesaiti ni florokaboneti: kila atomu ya metali adimu imefungamana na kundi moja la kaboneti na ioni moja ya floridi. Kwa hesabu ya uzito wa atomu, bastinesaiti ya seriamu iliyo safi ina florini karibu asilimia 8.7. Kwa hiyo kila shehena ya makinikia ya bastinesaiti ni shehena ya florini pia, ingawa katika mazungumzo ya kawaida florini hiyo haitajwi. Madini ya aina hiyohiyo yapo pia katika kilima cha Wigu, Mkoa wa Morogoro.

4.0 Muundo

Floridi ya kawaida ya metali adimu ina atomu tatu za florini kwa kila atomu moja ya metali. Metali imetoa elektroni tatu na kubaki ioni yenye chaji chanya tatu, na kila florini imepokea elektroni moja. Uwiano huu ni uleule kwa karibu kundi zima, lakini mpangilio wa ioni katika fuwele haufanani.

Sababu ni ukubwa wa ioni. Kutoka lanthanamu kwenda lutetiamu, chaji ya kiini huongezeka hatua kwa hatua huku elektroni zinazoongezwa zikiingia katika tabaka la ndani liitwalo 4f, ambalo haliwezi kuukinga vema mvuto wa kiini. Matokeo yake ioni hunywea. Katika mazingira ya majirani sita, nusu kipenyo cha ioni ya lanthanamu ni yapata pikomita 103, na cha lutetiamu ni yapata pikomita 86. Tofauti hii ni ndogo, lakini inatosha kubadili nyumba nzima. Floridi za metali nyepesi, kuanzia lanthanamu hadi neodimiamu, huchukua muundo wa taisonaiti, ambamo kila ioni ya metali imezungukwa na floridi tisa za karibu na mbili za mbali kidogo. Floridi za metali nzito, pamoja na ile ya itriamu, huchukua katika joto la kawaida muundo mwingine wa pembe mraba wenye majirani wanane na wa tisa aliye mbali kidogo. Samariamu imesimama mpakani, na floridi yake hujulikana kwa miundo yote miwili.

Mbali na floridi hizi sahili, zipo zenye metali mbili. Tetrafloridi ya lithiamu-itriamu ina muundo wa shelaiti, na ioni ya itriamu humo huzungukwa na floridi nane. Tetrafloridi ya sodiamu-itriamu ina sura mbili: sura ya mchemraba, inayofanana na madini ya kawaida ya floraiti, na sura ya pembe sita. Kampaundi ni ileile na viungo ni vilevile, lakini, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 6.0, sura ya pembe sita hung'aa kwa nguvu zaidi sana. Huu ni mfano mzuri wa kanuni ambayo mwanaisimu anaifahamu: vipashio vilevile vikipangwa kwa namna nyingine hutoa maana nyingine.

Katika muundo wa taisonaiti mna jambo jingine la kuzingatia. Ioni za floridi zinaweza kuhama kutoka nafasi moja kwenda nyingine, hasa zikiachiwa nafasi tupu. Ikitiwa europiamu yenye chaji chanya mbili mahali pa lanthanamu yenye chaji chanya tatu, fuwele hulazimika kupunguza floridi, na nafasi tupu hupatikana. Kwa kanuni hiyo, mwaka 1966 Frant na Ross walitengeneza elektrodi ya kupima floridi katika maji kwa kutumia fuwele ya floridi ya lanthanamu. Elektrodi za aina hiyo zimeenea katika maabara za maji duniani. Kwa nchi ambayo wakazi wengi wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida wamekunywa maji yenye floridi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wake wakaota meno ya kahawia, hili si jambo la mbali. Floridi ya metali adimu ndiyo inayohesabu floridi iliyomo kisimani.

5.0 Utengenezaji

Njia za kutengeneza floridi hizi zinaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la njia kavu. Oksidi ya metali adimu hupashwa joto la nyuzi mia kadhaa za selsiasi huku gesi ya hidrojeni floridi ikipitishwa juu yake. Hupatikana floridi na mvuke wa maji. Kwa kuwa gesi hiyo ni ya hatari, hupenya ngozi na kudhuru mifupa, baadhi ya maabara hutumia chumvi ya amonia baifloridi ambayo huchanganywa na oksidi na kupashwa joto dogo zaidi. Adui mkuu katika njia hizi ni unyevu. Floridi ikipashwa joto penye mvuke, oksijeni hujipenyeza mahali pa florini na kampaundi hugeuka oksifloridi. Kiasi kidogo tu cha oksijeni kinatosha kuharibu uangavu wa fuwele, ndiyo maana fuwele za kazi za nuru hukuzwa ndani ya gesi zilizokaushwa vema. Floridi ya lanthanamu huyeyuka karibu na nyuzi 1,490, na fuwele yake hukuzwa kwa kuipoza polepole kutoka upande mmoja.

Fungu la pili ni la njia za majimaji. Floridi za metali adimu haziyeyuki katika maji. Hivyo myeyusho wa nitrati au kloridi ya metali ukichanganywa na myeyusho wa floridi ya amonia, floridi hutuama mara moja kama mashapo meupe mazito, yenye maji ambayo lazima yaondolewe kwa uangalifu. Myeyusho ukifungwa katika chombo cha shinikizo na kupashwa joto la nyuzi kama 180 hadi 200, fuwele hukua taratibu na ukubwa na sura yake huweza kuongozwa.

Fungu la tatu linahusu chembe ndogo mno, za nanomita chache. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Peking walionyesha kwamba chumvi ya lanthanamu na asidi ya trifloroasetiki ikipashwa joto ndani ya vimiminika vya mafuta huvunjika, na florini iliyomo katika chumvi yenyewe ikaunda vibapa vya pembe tatu vya floridi ya lanthanamu, vyote vya ukubwa unaolingana. Njia hiyo ilipanuliwa kwa tetrafloridi ya sodiamu-itriamu.

Kutoka katika njia hizi tatu mtu huweza kudhani kwamba bastinesaiti, kwa kuwa tayari ina florini, ni hatua ya mkato ya kufikia floridi. Hali halisi ni kinyume. Bastinesaiti ikichomwa hutoa kabonidioksidi na kubaki oksifloridi. Oksifloridi hiyo ikitiwa asidi, sehemu yenye oksijeni huyeyuka, na florini hukamata metali iliyobaki na kuwa floridi isiyoyeyuka. Floridi hiyo ni mchanganyiko wa metali zote pamoja, haina thamani ya fuwele ya maabara, na mwenye kiwanda hulazimika kuipika kwa magadi makali ya hidroksidi ya sodiamu ili aikomboe metali. Kwa hiyo kampaundi ileile ni kikwazo kiwandani na ni hazina maabarani. Kinachotofautisha ni usafi na utenganishaji, na hizo ndizo hatua zenye faida kubwa. Floridi hurudi tena mwishoni: metali ya neodimiamu hupatikana kwa kupitisha umeme katika myeyuko wa floridi za neodimiamu na lithiamu ambao oksidi ya neodimiamu imetiwa ndani yake.

6.0 Matumizi katika Nuru

Thamani ya floridi hizi katika nuru inatokana na mambo mawili. La kwanza linahusu metali. Elektroni za tabaka la 4f zimefichwa ndani ya matabaka mengine, hivyo zinapopanda na kushuka ngazi za nishati hazisumbuliwi sana na majirani. Kila metali hutoa rangi zake maalumu, kwa mistari myembamba, karibu kama saini. La pili linahusu florini. Fuwele yoyote hutetema, na mitetemo hiyo huweza kuiba nishati ya elektroni kabla haijatoka kama nuru. Mitetemo mikubwa kabisa ya floridi ya lanthanamu ina nishati ya karibu theluthi moja tu ya ile ya kioo cha silika. Kwa hiyo nishati nyingi zaidi hutoka ikiwa nuru na kidogo zaidi hupotea ikiwa joto.

Matumizi ya mwanzo yalikuwa ya leza. Mwaka 1961 Sorokin na Stevenson walipata leza katika fuwele ya floridi ya kalsiamu iliyotiwa samariamu, mwaka mmoja tu baada ya leza ya kwanza kabisa. Baadaye tetrafloridi ya lithiamu-itriamu iliyotiwa neodimiamu ikawa fuwele ya kawaida ya leza, ikitoa nuru ya infraredi ya urefu wa wimbi wa nanomita 1,047 na 1,053.

Matumizi ya pili ni upandishaji nishati. Kwa kawaida dutu ikimulikwa kwa nuru yenye nishati kubwa hutoa nuru yenye nishati ndogo zaidi, na tofauti hupotea kama joto. Mwaka 1966 François Auzel, nchini Ufaransa, alieleza njia ya kugeuza utaratibu huo. Ioni ya iterbiamu hupokea nuru ya infraredi ya nanomita 980 hivi na kuikabidhi nishati yake kwa ioni ya erbiamu iliyo jirani. Kabla erbiamu haijashuka, iterbiamu humkabidhi mzigo wa pili. Erbiamu, ikiwa imepandishwa ngazi mbili, hushuka kwa hatua moja na kutoa nuru ya kijani au nyekundu inayoonekana kwa macho. Mwaka 1972 ilionyeshwa kwamba tetrafloridi ya sodiamu-itriamu ni makao bora ya jozi hiyo, hasa katika sura ya pembe sita. Chembe za aina hiyo hutumika katika alama za kuthibitisha noti na hati, na huchunguzwa kwa upigaji picha wa chembehai, kwa kuwa nuru ya infraredi hupenya nyama ya mwili kuliko nuru ya kawaida.

Matumizi ya tatu ni vioo na matabaka ya lenzi. Mwaka 1975 ndugu Poulain na mwenzao Lucas, wa Chuo Kikuu cha Rennes, walitangaza vioo vya floridi ya zirkoniamu. Kioo mashuhuri cha jamii hiyo kina floridi ya lanthanamu, na hupitisha infraredi ya mawimbi marefu ambayo silika huizuia. Mikongo ya mawasiliano, ukiwamo Mkongo wa Taifa unaopita Iringa na Mbeya, hutegemea nyuzi za silika, lakini nyuzi za floridi zimepata kazi zake katika leza na vipimo vya infraredi. Floridi za itriamu na iterbiamu hupakwa pia juu ya lenzi za infraredi, zikichukua nafasi ya floridi ya thoriamu yenye mnururisho, na floridi za lanthanamu na gadoliniamu hupakwa katika vyombo vya urujuanimno.

7.0 Matatizo ya Istilahi

7.1 Mpangilio wa maneno

Maelezo yaliyotangulia yametumia "floridi ya lanthanamu" na wala si "lanthanamu floridi". Katika kirai nomino cha Kiswahili neno kuu hutangulia na kivumishi hufuata. Mpangilio wa pili unaiga Kiingereza, na msikilizaji hupata shida kujua kama anasikia jina la metali au la kampaundi. Katika mkataba au ripoti ya shehena, shida hiyo huwa ya fedha: tani moja ya floridi ya lanthanamu si tani moja ya lanthanamu, kwa kuwa zaidi ya robo ya uzito wake ni florini.

7.2 Namba na kiunganishi

Namba za Kiswahili huja baada ya nomino. Kwa hiyo "floridi tatu za neodimiamu" humaanisha aina tatu za floridi na wala si kampaundi moja yenye florini tatu. Kiambishi tri- kinaondoa utata huo, na kina mwenzake katika di- ya dioksidi iliyokwisha kuzoeleka. Vivyo hivyo "floridi ya sodiamu na itriamu" ina maana mbili: floridi mbili zilizochanganywa, au kampaundi moja yenye metali mbili. Kistari, kama katika "tetrafloridi ya sodiamu-itriamu", hutenga maana ya pili. Metali iliyotiwa kidogo tu ndani ya fuwele ya nyingine itajwe kwa kitenzi: "iliyotiwa erbiamu".

7.3 Majina yanayofanana

Kijiji cha Ytterby kimeipa kemia majina manne: itriamu, terbiamu, erbiamu na iterbiamu. Baada ya kuswahilishwa kwa kufuata mfano wa sodiamu na kalsiamu, majina hayo yanatofautiana kwa sauti chache tu. Erbiamu na terbiamu ni jozi sahili ya kuweka katika mtihani wa fonolojia. Bahati mbaya ni kwamba itriamu, iterbiamu na erbiamu hukutana ndani ya fuwele moja ya upandishaji nishati. Kuyabadili majina hakutasaidia, kwa kuwa kutaitenga Kiswahili na lugha nyingine za sayansi. Inafaa jina liandamane na alama yake ya kimataifa, yaani Y, Tb, Er au Yb, kila linapotajwa mara ya kwanza katika matini.

7.4 Kiambishi -idi

Katika floridi na oksidi, -idi huashiria kampaundi. Neno lanthanidi, linalosikika mara kwa mara, hulifanya kundi la elementi lionekane kama kampaundi. Wanakemia wa kimataifa wameliona tatizo hilo katika lugha zao na kupendekeza mwishilio mwingine. Kiswahili kina nafasi ya kuanza sawasawa kwa kutumia lanthanoidi.

8.0 Hitimisho

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 iliweka msingi wa kuisema sayansi ya shule kwa Kiswahili. Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba msingi huo unabeba pia jengo la sayansi ya juu zaidi, mradi elementi, madini na kampaundi vitengwe. Mapendekezo manne ya sehemu ya 7.0 hayadai maneno mengi mapya. Yanadai nidhamu katika sarufi iliyopo.

Jambo lililo hatarini ni kubwa kuliko kamusi. Sheria za mwaka 2017 kuhusu utajiri na maliasili za nchi zimetaka malighafi zichakatwe nchini. Lakini ili kujua kitu kimechakatwa kiasi gani, ni lazima kukijua kwa jina katika kila hatua: mbale, makinikia ya bastinesaiti, oksifloridi, oksidi zilizochanganyika, oksidi iliyotengwa, floridi safi, metali. Zote hizi zikiitwa madini adimu, hatua saba huwa moja, na mkazi wa Ngwala hana njia ya kuuliza shehena inayopita kijijini kwake imefikia hatua ipi.

Wajibu huu unaangukia taasisi zilizo karibu na mlima wenyewe. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina wahandisi, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, kinaandaa walimu wa kemia. Wote hufundishwa kwa Kiingereza na watafanya kazi miongoni mwa watu wanaouliza maswali kwa Kiswahili. Orodha ya istilahi za metali adimu, iliyoandaliwa na wanakemia na wanaisimu kwa pamoja na kuwasilishwa BAKITA ili isanifiwe, ni kazi ya miezi michache. Inafaa ifanyike kabla makinikia hayajaanza kutoka, kwa sababu mwaka 2017 neno lilipatikana baada ya makontena kujaa bandarini.